Mpima Mawe Aliyegeuka Serikali

Mwaka 1895 Kakamega haikuwa Kenya. Kenya yenyewe haikuwepo. Ukisimama Mumias wakati huo, serikali yako, kama ulikuwa umesikia kwamba una serikali, ilikuwa upande wa machweo, Uganda, na aliyeiwakilisha alikuwa kijana wa miaka 27 ambaye kazi aliyosomea ilikuwa mawe.

Jina lake Charles William Hobley. Alizaliwa 1867 karibu na Nuneaton, Uingereza, sehemu yenye machimbo ya makaa, akasoma Mason College kule Birmingham, na mwaka 1890 akateremka Mombasa akiwa mwanajiolojia wa kampuni ya Imperial British East Africa. Wajaluo baadaye walimwita Obilo. Sijaona mtaa wala shule inayobeba jina lake, na vijana wa kwetu ninaowauliza hunitazama kama nimewauliza kuhusu mchezaji wa akiba wa timu ya daraja la tatu. Lakini kama uliwahi kujiuliza kwa nini Mumias ilikuwa kitu kikubwa kabla ya Kakamega, kwa nini Wawanga walienda kutawala watu ambao si wao, na kwa nini habari ya mipaka bado inapandisha watu presha, itabidi upitie kwa huyu jamaa.

Ile historia ya kidato cha pili unaikumbuka. Kulikuwa na orodha mbili: waliopigana na Waingereza, na walioshirikiana nao. Koitalel arap Samoei huku, Nabongo Mumia kule, chora mstari katikati, taja sababu tano, pata alama zako. Mimi ile orodha ilinikera hata kabla sijajua kwa nini. Sasa najua. Inawapanga Waafrika kwenye safu mbili na kumsahau aliyeshika penseli.

Tuanze na swali la kipuuzi. Kampuni ya biashara inaajiri mtu wa mawe kwa nini? Kampuni hii ilipata hati yake ya kifalme mwaka 1888, na wenye hisa kule London walikuwa wamenunua nchi ambayo hawajaiona. Walitaka kujua mambo mawili: chini kuna nini, na juu kunapitika wapi. Mwanajiolojia wa siku hizo alijibu yote mawili. Alisoma miamba, na kwa sababu mwamba hauna maana kama hujui uko wapi, alichora ramani pia. Hobley alitumwa Mto Tana, na mwaka 1891 alikuwa na Kapteni Dundas katika msafara uliojaribu kupanda Mlima Kenya kutoka kusini, ukashindwa na msitu.

Kazi yenyewe ya kuchora ilikuwa ya kuchosha, na nadhani inafaa tuielewe, maana tumezoea kufungua simu na kujiona kama kinukta cha buluu. Mpima njia alitembea na dira na saa. Anaelekeza dira kwenye kilima, anaandika pembe. Anatembea saa moja na dakika kumi, anaandika. Mto umekata njia, anaandika. Usiku anapima nyota ili ajue yuko umbali gani kutoka ikweta. Urefu kutoka usawa wa bahari alipata kwa kuchemsha maji. Kweli kabisa, sufuria na kipimajoto. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za selisiasi. Kila ukipanda kama mita 300 yanachemka kwa nyuzi moja chini. Mumias, kwenye mita 1,300 hivi, chai yako inachemka kwa nyuzi 95 au 96. Wanakijiji walioona mzungu akitazama maji yakichemka bila kutia majani walikuwa na haki ya kumshangaa.

Na majina? Majina yalitoka kwa aliyekuwa karibu, mara nyingi mpagazi au mfasiri wa misafara kutoka pwani. Ndiyo maana nchi yote hii ya kwetu iliingia kwenye ramani kama Kavirondo, jina ambalo watu wa misafara walilitumia kwa watu wa upande wa ziwa, Waluhya na Wajaluo kwa pamoja. Babu zetu hawakujiita hivyo. Hata Waluhya kama jina la watu wote kwa pamoja ni la juzi tu, lilikolea miaka ya 1930 na 1940. Kabla ya hapo ulikuwa Mwisukha, Mbukusu, Mmarama, Mwidakho.

Kampuni ikafilisika. Serikali ya Uingereza ikaichukua Uganda kuwa himaya yake mwaka 1894, na hapo ndipo kisa kinapogeuka. Serikali hiyo haikuwa na maofisa wa kutosha waliosomea kutawala. Ilikuwa na watu waliojua njia. Hobley alijua njia, kwa hiyo alipewa nchi. Frederick Spire alikuwa ametangulia kufungua kituo Mumias mwishoni mwa 1894. Hobley akakipokea mapema mwaka uliofuata. Hakuna aliyempigia kura, lakini kuanzia siku hiyo kazi yake ilikuwa siasa: kujua nani ni rafiki ya nani, nani ana njaa, nani ana bunduki, na nani anaweza kununuliwa kwa heshima.

Mbona Mumias? Elureko, makao ya Nabongo, yalikuwa kituo cha misafara ya Waswahili na Waarabu miaka mingi kabla ya mzungu yeyote. Wafanyabiashara walipaita kwa Sundu, kutokana na Shiundu, baba yake Mumia. Hapo kulikuwa na chakula kingi na Kiswahili kilieleweka, na mwenyeji alikuwa mtu aliyejua kupokea wageni wenye silaha. Joseph Thomson alipita 1883. Askofu Hannington alipita 1885 akielekea Busoga, akauawa huko. Mumia alikuwa amekalia kiti tangu 1882 hivi, na alipokuja Hobley tayari alikuwa amewazoea wageni na alijua matumizi yao.

Ndiyo maana neno msaliti silikubali kirahisi. Tazama alivyozungukwa: Wabukusu kaskazini, Wajaluo wa Ugenya kusini-magharibi, Wanandi mashariki. Shiundu na wenzake walikuwa wametumia wapiganaji wa Kimaasai na bunduki za misafara kujilinda. Kwa Mumia, Mwingereza alikuwa mpangaji mwingine mwenye silaha, tena kwa bei nafuu. Hakujua, na angejuaje, kwamba huyu mpangaji alikuwa anachora nyumba nzima.

Mwaka 1894 askari wa Kisudani waliotumwa kwa Wabukusu kudai bunduki waliuawa. Agosti 1895 jibu likaja. William Grant alitoka Busoga na Wasudani na wapiganaji wa Buganda, wakaungana na Hobley na watu wa Mumia, wakaenda kupiga ngome za Lumboka na Chetambe. Ngome hizo zilikuwa za udongo, zimezungushiwa handaki refu, na zilikuwa zimewatosha Wabukusu dhidi ya kila adui aliyekuja na mkuki. Hazikutosha dhidi ya bunduki. Chetambe iko juu ya Webuye. Ukipita barabara ya kwenda Malaba mlima unauona. Bungoma bado wanaisimulia vita hiyo kama ya juzi, na katika masimulizi hayo Wawanga hawatoki vizuri. Baada ya hapo zilifuata safari nyingine za kuadhibu, Ugenya na kwa Wanandi, na kila baada ya bunduki ilikuja dira.

Mwaka 1896 Hobley alizunguka Mlima Elgon mzima. Taarifa yake ilichapishwa London mwaka uliofuata katika jarida la chama cha kijiografia, na mwaka 1898 ikaja nyingine kuhusu Kavirondo. Mwaka 1902 akatoa kitabu cha makabila ya mashariki ya Uganda. Alikuwa na jicho, siwezi kumnyima. Aliuliza kuhusu koo, ndoa, viapo, miiko, akaandika. Wanahistoria wetu wenyewe bado wanamsoma, wakilalamika na kunukuu kwa wakati mmoja. Lakini ukikaa Elureko miaka mitano ukiwauliza watu wa Elureko jirani zao ni nani, jibu litakuwa la Elureko. Ufalme wa Wanga ulikuwepo kweli. Ukubwa wake ndio wa kubishaniwa, na waliobishana zaidi ni wale walioambiwa kwamba walikuwa ndani yake. Kwenye karatasi ulipanuka, kwa sababu meza ya mchoraji ilikuwa uani kwake.

Karatasi ikaanza kufanya kazi peke yake. Mwaka 1909 Mumia alitangazwa mtawala mkuu. Hobley alikuwa ameshaondoka. Maofisa waliomfuata waliichukua picha yake na kuijaza watu. Ndugu za Mumia walipelekwa kutawala kwingine: Mulama akawekwa Marama, Murunga akapelekwa Kimilili, kwa Wabukusu walewale wa Lumboka na Chetambe. Hebu fikiria umepoteza vita, halafu miaka michache baadaye ndugu wa mshirika wa adui yako anakuja kukuhesabia nyumba kwa ajili ya kodi.

Kodi ya nyumba nayo ilianza mikononi mwa Hobley, kwenye mwanzo wa karne. Pesa hazikuwepo mikononi mwa watu, basi ililipwa kwa mifugo, majembe au jasho. Hapa ndipo naona mpima ardhi na mwanasiasa wakiwa mtu mmoja kabisa: huwezi kutoza kodi nyumba ambayo hujaihesabu, na huwezi kuihesabu kama hujui iko upande gani wa mto.

Penseli inaweza pia kuufuta mji. Upimaji wa kwanza wa reli, ule wa Kapteni Macdonald wa 1891 na 1892, ulilenga kufika ziwani upande wa kaskazini, na barabara ya Sclater iliyofuata ilipita Mumias hadi Port Victoria. Kama mambo yangebaki hivyo, labda leo Mumias ingekuwa na mataa na foleni za matatu, na Kisumu ingekuwa kijiji cha samaki. Njia fupi zaidi ilipatikana kupitia ghuba ya Kisumu, na treni ikafika huko Desemba 1901. Hobley alikuwa ameshahamishia ofisi yake Kisumu. Aprili 1902 mpaka wenyewe ukasogezwa: mkoa wa mashariki wa Uganda ukatolewa Uganda na kutiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, na babu zetu wakalala Waganda wakaamka Wakenya bila kuinuka kitandani. Mumias ilibaki makao ya wilaya hadi 1920, ofisi zilipohamia Kakamega. Baadaye ilipata kiwanda cha sukari, na hiyo ya kiwanda ni hadithi nyingine ya machungu.

Ningeweza kuishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo Hobley anatoka kwetu. Lakini tabia ya mtu huonekana vizuri akihamia kwingine. Mwaka 1912 alihamishiwa pwani kuwa mkuu wa mkoa. Serikali ilitaka vibarua kwa mashamba ya wazungu, Wagiriama hawakutaka kwenda, na walikuwa wamevuka Mto Sabaki wakalima mahindi mazuri ng'ambo ya kaskazini. Suluhisho la mtu wa ramani ni kuchora mstari, na mstari ulikuwepo tayari: mto. Wote warudi kusini. Mekatilili wa Menza alizunguka akiwalisha watu kiapo cha kukataa. Alikamatwa mwishoni mwa 1913, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa kizuizini Kisii, karibu upande wa kwetu. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani. Agosti 1914 kaya Fungo, moyo wa Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Nyumba zilichomwa, faini ya mbuzi na ng'ombe ikakusanywa, watu wakahamishwa. Miaka michache baadaye serikali ikaruhusu warudi kaskazini mwa Sabaki, kwa sababu kusini hapakutosha na njaa ilikuwa imeingia. Mstari ulifutwa. Waliokufa kwa ajili yake hawakufutwa.

Yule aliyeidhinisha haya ndiye aliyeandika kwa makini kuhusu kaya, viapo na imani za Wabantu, na mwaka 1922 akatoa kitabu kizima juu yake. Alijua vizuri kaya ni nini. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko kama angekuwa mjinga.

Alistaafu, akarudi Uingereza, akaandika kumbukumbu zake mwaka 1929, akashughulika na chama cha kuhifadhi wanyama wa himaya, akafariki 1947. Mumia alimfuata 1949. Kaburi lake liko Matungu. Kuna mnyama aliyebeba jina la Hobley: jamaa ya tembo wa kale, meno yake yameinama chini kama jembe, mabaki yake yalichimbwa Karungu kando ya ziwa, na mwaka 1911 akaitwa Deinotherium hobleyi. Kati ya kila alichoacha, huyo pekee ndiye asiyegombaniwa na mtu.

Sasa mawe. Mwaka 1931 Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, mlowezi kutoka upande wa Uasin Gishu, aliosha mchanga wa mito ya Kakamega akapata dhahabu. Hobley, mwanajiolojia, aliishi miaka mitano mwendo wa siku moja kutoka hapo na kukusanya kodi juu yake. Bei za mazao ya walowezi zilikuwa zimeanguka duniani kote, kwa hiyo walimiminika kwa mamia, wakipigilia vigingi kwenye mashamba ya mihogo ya watu. Kila kigingi ni kipande cha ramani. Watu wa Isukha na Idakho waliviona wakakumbuka, na wengine waliving'oa usiku.

Walikuwa na ulinzi, kwa maandishi. Sheria ya 1930 ilisema ardhi ya hifadhi ya Waafrika haiwezi kuchukuliwa bila ardhi nyingine ya ukubwa huohuo kutolewa na bila baraza la wenyeji kuulizwa. Walowezi na walioandika sheria hiyo waliapa itadumu milele. Desemba 1932, wiki chache tu zilitosha, ikarekebishwa: pesa zingetosha badala ya ardhi, na baraza halikuwa lazima liulizwe. Milele ya serikali ya Nairobi ilidumu miaka miwili na kitu.

Hapo ndipo vijana waliosoma misheni walipoanzisha chama chao, North Kavirondo Central Association. Na hapa ndipo penye kichekesho ambacho kitabu cha shule hakina nafasi nacho. Kwa miaka mingi watu wa Kavirondo Kaskazini walikuwa wamepiga kelele waondolewe machifu wa Kiwanga. Sasa chama hiki kinadai kiwe na mtawala mkuu mmoja wa kusemea ardhi ya wote, na jina linalotajwa ni la Mulama, nduguye Mumia. Walichukua ile picha ya Hobley, ya nchi moja yenye kiti kimoja, wakaigeuza iwe ngao. Hawakufaulu kupata huyo mtawala. Lakini walipata jina, Abaluyia, na waliochorwa pamoja na mgeni wakaamua kuwa pamoja kwa sababu zao.

Machimbo ya Rosterman yalifungwa 1952, mashimo yakabaki. Wenyeji waliendelea kuchimba kwa mikono, baba na mama na wana, na bado wanachimba, Ikolomani, Shinyalu, Lurambi, na kila masika unasikia shimo limeporomoka. Siku hizi kampuni zimerudi. Shanta Gold ilinunua mradi wa Kenya Magharibi kutoka kwa Barrick mwaka 2020, imechoronga miamba Isulu na Bushiangala, na mazungumzo ya kuhamisha familia yamegawanya ndugu.

Wapimaji wa sasa hawachemshi maji. Wanakuja na kifaa cha mkononi kinachozungumza na setilaiti, na leseni inayosomeka kama miraba juu ya skrini, namba za digrii kwenye kila kona. Mzee mwenye ekari moja na makaburi matatu ya wazazi wake hawezi kuusoma mraba huo. Anamwita mjukuu aliye na simu, wanasimama wote wawili kwenye migomba, na mjukuu anavuta picha kwa vidole, akitafuta paa la bati la nyumba yao, aone kama liko ndani ya mstari au nje.